Angalia tarehe hii kwenye simu yako kabla mwizi hajaijua

Iguguno, Singida. Chukua simu yako sasa hivi. Ingia Mipangilio, shuka hadi Kuhusu simu, gusa Toleo la Android, kisha tafuta mstari ulioandikwa Sasisho la usalama la Android. Simu zinatofautiana kidogo, lakini kwenye simu nyingi za Android mstari huo upo.

Umeona tarehe? Hiyo siyo siku uliyonunua simu. Inakuonyesha mara ya mwisho mfumo wa simu yako ulipozibwa matundu ambayo wataalamu walikuwa wameshayajua. Kama inasoma miaka miwili iliyopita, basi mengi ya yaliyogunduliwa tangu wakati huo bado yako wazi mkononi mwako.

Kwa mtu wa Iguguno, wilayani Mkalama, hili siyo suala la mafundi wa kompyuta peke yao. Alizeti ikiuzwa, hela inaingia kwenye simu. Ada ya mtoto inalipwa kwa simu. Mchango wa kikoba unatumwa kwa simu. Simu imekuwa pochi, na pochi yenye tundu haijali una hela ndogo au kubwa.

Simu yako ni Linux, hata kama hujui

Ndani ya kila simu ya Android kuna kiini kinachoitwa Linux. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Helsinki, Finland. Alikiweka wazi ili yeyote akisome, akirekebishe na akitumie bure. Mfumo wa namna hiyo unaitwa mfumo huria.

Mambo haya siyo mageni Tanzania. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu hiyo hiyo: maandishi ya ndani ya programu yalikuwa wazi, hivyo hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa ya kuyatafsiri.

Swali linalokuja haraka ni hili: kama kila mtu anaweza kusoma, wezi nao si wanasoma?

Ndiyo, wanasoma. Lakini walinzi nao wanasoma. Machi 29, 2024, mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, alitangaza kwamba programu huria ya xz, inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, ilikuwa imepandikizwa mlango wa siri. Alishtuka kwa sababu kuingia kwenye kompyuta aliyokuwa akiijaribu kulichelewa kwa takribani nusu sekunde. Akachimba, akaukuta. Aliyeupandikiza alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujenga imani ya watunzaji wa programu hiyo. Ulinaswa kabla haujasambaa kwenye matoleo ya kawaida yanayotumiwa na watu wengi.

Kwa hiyo mfumo huria si dhaifu kwa kuwa uko wazi. Hatari yake kubwa kwako iko kwingine.

Tundu likizibwa, ramani inatoka

Tundu likigunduliwa kwenye mfumo huria, marekebisho yake yanachapishwa hadharani. Mtu mwema anayachukua na kuziba. Mwizi naye anayasoma na kusema: kumbe tundu lilikuwa hapa. Halafu anaanza kutafuta simu ambazo hazijazibwa.

Yaani siku tundu linapotangazwa, anayesasisha anakuwa salama zaidi, na asiyesasisha anakuwa hatarini zaidi kuliko jana.

Mfano upo. Mwaka 2016 liligunduliwa tundu kwenye kiini cha Linux lililopewa jina la Dirty COW. Lilikuwa humo tangu mwaka 2007. Oktoba 2016 likazibwa kwenye Linux, na Desemba mwaka huo likaingia kwenye masasisho ya Android.

Karibu mwaka mzima baadaye, Septemba 2017, kampuni ya usalama ya Trend Micro ilitangaza kukuta kirusi cha Android kilichoitwa ZNIU kikitumia tundu hilo hilo. Kilijificha ndani ya programu zaidi ya 1,200, nyingine zikiwa michezo ya kawaida tu. Kikishaingia, kilitumia huduma ya malipo kwa SMS kuhamisha hela ya mwenye simu, kisha kikafuta ujumbe ili asijue. Wizi huo wa SMS ulilenga watu wenye laini za China, lakini simu zenye kirusi hicho zilikutwa katika nchi zaidi ya 40.

Angalia mpangilio wa tarehe. Dawa ilikuwepo tangu Desemba 2016. Simu zilizoumia ni zile ambazo dawa haikuzifikia.

Kwa nini dawa haifiki kwako

Android ilianza kutoa masasisho ya usalama kila mwezi Agosti 2015, baada ya kugundulika tundu la Stagefright. Kwa tundu hilo, mtu angeweza kushambulia simu kwa kutuma tu ujumbe wenye video.

Lakini sasisho la mwezi haliruki moja kwa moja kutoka Google hadi Iguguno. Linapita kwa mtengenezaji wa chipu, kisha kwa kampuni iliyotengeneza simu, ambayo inalifanyia kazi kwa kila modeli yake. Simu ya bei kubwa inapewa kipaumbele. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung ikaahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024. Simu nyingi za bei nafuu hupata muda mfupi zaidi, na nyingine hazipati karibu kitu.

Hapo ndipo mnunuzi wa mtumba anapoumia. Simu inang'aa, kamera nzuri, GB za kutosha, lakini muda wake wa masasisho umeshakwisha. Ukienda dukani au ukiuziwa na mtu mnadani, usiulize GB na kamera tu. Fungua Mipangilio, soma ile tarehe mbele ya muuzaji. Kama ni ya zamani, mwambie ajaribu kutafuta sasisho. Lisipopatikana, umepata sababu ya kushusha bei au kuondoka.

Hakikisha pia simu yenyewe siyo feki. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, kisha itume kwa SMS kwenda 15090. Utajibiwa modeli halisi ya simu hiyo. Jina likija tofauti na lililoandikwa nyuma ya simu, shtuka. Watanzania wengi bado wanaukumbuka usiku wa Juni 16, 2016, simu feki zilipozimwa nchi nzima.

Bando na chaji: jinsi ya kusasisha bila kuumia

Tuseme ukweli. Wengi wetu hatukatai kuapdeti kwa ubishi. Tunaogopa bando. Sasisho la mwezi linaweza kula makumi ya MB, na toleo jipya la Android linaweza kufika GB nzima au zaidi. Unaweza kupunguza maumivu hivi:

- Ukipata waifai ya kuaminika, iwe ni ofisini, shuleni au kwa ndugu Singida mjini, sasisho liwe jambo la kwanza kufanya, kabla ya video.
- Kabla ya kubonyeza Pakua, soma ukubwa wake. Simu huwa inaandika.
- Kama bando ni dogo, anza na sasisho la usalama. Toleo jipya lenye mapambo mapya linaweza kusubiri.
- Ndani ya Play Store, sasisha kwanza kivinjari, WhatsApp na programu za benki. Michezo baadaye.
- Chaji simu kwanza na uache nafasi kwenye memori. Simu ikizima katikati ya kusasisha inaweza kukuletea shida nyingine.

Kuna pia kitu kinaitwa Sasisho la mfumo wa Google Play, kinachopatikana kwenye simu za Android 10 kwenda juu. Hili halisubiri kampuni iliyotengeneza simu, kwa hiyo hata simu iliyosahaulika inaweza kupata baadhi ya marekebisho kupitia njia hii. Lipo kwenye Mipangilio, karibu na ile tarehe ya kwanza.

Tahadhari moja: sasisho halali haliji kwa kiungo cha WhatsApp. Ukirushiwa faili na kuambiwa "hii ndiyo WhatsApp mpya" au "sasisha simu yako hapa", ni mtego mpaka ithibitike vinginevyo. WhatsApp GB nayo haitengenezwi na wenye WhatsApp, hivyo huwezi kujua aliyeiunda ameweka nini ndani.

Kompyuta ya steshenari nayo

Kompyuta inayochapa barua na kutoa kopi za vyeti inabeba siri za watu wengi. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows 11.

Mifumo huria kama Ubuntu na Debian ni njia mojawapo. Haina gharama ya leseni na mara nyingi inakubali mashine za miaka mingi. Matoleo ya Ubuntu yenye alama ya LTS hupewa masasisho ya kawaida ya usalama kwa miaka 5. Toleo la 24.04, kwa mfano, lilitoka Aprili 2024. Kabla ya kuhama, hifadhi mafaili yako pembeni na ujaribu kama printa yako inakubali.

Ukishahama, kazi haijaisha. Ruhusu masasisho ya usalama yajiendeshe yenyewe. Fungua akaunti mbili: moja ya kusimamia mfumo yenye nywila unayoijua wewe tu, na nyingine ya kazi za kila siku. Kijana wa kuchapa hahitaji nywila ya kusakinisha programu.

Nywila inavyosagwa

Tumezungumzia matundu ya ukutani. Sasa tuje kwenye ufunguo, maana hata ukuta imara haukusaidii kama ufunguo unaokotwa nje ya mlango.

Linux haitunzi nywila yako, au paswedi kama wengi tunavyoiita, jinsi ulivyoiandika. Inaisaga. Fikiria mashine ya kusaga: mtama ukishakuwa unga, huwezi kurudisha punje. Mfumo unatunza unga tu. Kila unapoingia, unasaga ulichoandika na kulinganisha unga na unga.

Basi mwizi akiiba lile faili la unga anafanya nini? Anasaga maneno mwenyewe, moja baada ya jingine, mamilioni kwa mamilioni, mpaka apate unga unaofanana. Maneno mafupi na ya kawaida yanapatikana kwanza.

Hata wakubwa wameumbuka. Mwaka 2019, watu walichukua faili la zamani la nywila la mfumo wa BSD, ndugu wa karibu wa Unix ambayo Linux ilijengwa kwa mfano wake. Wakazifungua moja moja. Stephen Bourne, bingwa wa Unix, alikuwa ametumia "bourne", yaani jina lake mwenyewe. Ya Ken Thompson, mmoja wa waanzilishi wa Unix, ilikuwa mwondoko wa mchezo wa chesi wenye herufi na alama 8. Hiyo ilihitaji zaidi ya siku nne za kompyuta yenye nguvu. Lakini nayo ilifunguka.

Somo ni urefu. Nywila ya herufi ndogo 8 ina michanganyiko kama bilioni 208. Maneno manne yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya maneno 2,000 yana michanganyiko trilioni 16, na ni rahisi kuyakumbuka. Mfano wa umbo lake: *kijiko-mvua-tairi-bibi*. Usitumie huo, umeshachapishwa hapa. Usitumie pia methali, mstari wa wimbo au aya ya dini, kwa sababu maneno hayo yanajulikana kwa mpangilio wake.

Na usibadilishe kila mwezi kwa kuongeza 1, 2, 3 mwishoni. Tangu mwaka 2017, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, inashauri nywila ndefu badala ya kulazimisha watu kubadili kila mara. Badilisha unapohisi imejulikana. Kubwa zaidi: nywila ya barua pepe isifanane na nyingine yoyote, kwa kuwa anayeingia kwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha nywila za akaunti nyingine nyingi.

Namba ya siri: mwizi hahitaji kukisia mara 10,000

Namba ya siri ya tarakimu 4 ina uwezekano 10,000. Huduma za pesa hufunga baada ya kukosea mara chache, kwa hiyo unaweza kudhani uko salama.

Mwizi hajaribu zote. Anajaribu chache tu: 1234, mwaka wako wa kuzaliwa, mwaka wa mtoto wako.

Na mwaka wako wa kuzaliwa siyo siri. Tarakimu 8 za mwanzo za namba yako ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Hesabu umeacha kopi ngapi za kitambulisho hicho: steshenari, ofisini, kwa aliyekusajilia laini. Kama namba yako ya siri ni mwaka wa kuzaliwa, umeigawa kwa wote hao.

Mazoea mengine matatu tuyaache:

- Kwa wakala. "Mwanangu, nisaidie kubonyeza, namba yangu ya siri ni..." Mama au babu anasema kwa sauti mbele ya foleni. Kama mzazi hasomi vizuri, mfundishe kwa utulivu nyumbani ajue kubonyeza zile tarakimu mwenyewe.
- Kwa fundi simu. Kubadilisha kioo hakuhitaji namba ya siri ya pesa, hata siku moja. Toa laini kabla ya kuacha simu. Kama lazima umpe namba ya kufungulia skrini ili ajaribu kazi yake, ibadilishe ukishaichukua simu.
- Namba sita za WhatsApp. Ukiandikiwa "samahani, nimetuma namba zangu kwako kimakosa, nirudishie", ujue mtu anataka kuifungua WhatsApp yako kwenye simu yake. Usitume, hata kama ujumbe umetoka kwa shangazi. Huenda yake imeshachukuliwa. Washa Uthibitishaji wa hatua mbili ndani ya WhatsApp.

Ukipata ujumbe wa kitapeli, ripoti TCRA kupitia 15040. Na mara moja moja piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kama simu yako haipati sasisho tena

Siyo kila mtu ana hela ya simu mpya mwezi huu. Punguza unachokiweka hatarini.

Laini yenye hela iweke kwenye kitochi. Kitochi cha kawaida hakisakinishi programu, hivyo virusi vya Android havina pa kukaa. Simu janja ya zamani ibaki na habari, picha na soga. Futa programu usizozitumia, usipakue chochote nje ya Play Store, na endelea kusasisha kivinjari na WhatsApp maadamu zinakubali.

Wenye fundi mzuri wanaweza kuuliza kuhusu LineageOS, toleo huria la Android linalotengenezwa na watu wa kujitolea na linaloweza kuipa simu ya zamani masasisho mapya. Linafaa modeli fulani tu, linafuta vitu vyote kwenye simu, na baadhi ya programu za benki hulikataa. Uliza kwanza, hifadhi picha zako, ndipo uamue.

Ya kufanya leo

1. Soma tarehe ya sasisho la usalama.
2. Kama lipo jipya, panga siku ya bando na chaji, ulipakue.
3. Badilisha namba ya siri kama ni mwaka wa kuzaliwa au 1234.
4. Washa hatua mbili kwenye WhatsApp.
5. Chukua simu ya mama au baba, fanya hivyo hivyo, ukiwa umekaa naye.

Hiyo ya tano usiiruke. Kwenye familia nyingi, simu ya zamani kuliko zote ndiyo tunayompa mzazi, na ndiyo hiyo hiyo tunayomtumia hela.